Mkono wa Tatu wa Mama Mado

Ijumaa ile, jua likiwa limeinama upande wa ziwa, Mama Mado alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake akipiga pasi shati la polisi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini hilo halikumhusu, kwa kuwa pasi yake ilikuwa ya makaa. Alikuwa na desturi ya kuanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, na mgongo wa shati aliuacha mpaka mwisho kwa sababu mgongo hauna ubishi. Shati lilikuwa la Papa Anatole, mkubwa wa kituo cha polisi cha mtaa. Pembeni yake, ndani ya beseni, kulikuwa na furushi la kanzu nyeupe za kwaya ya parokia, zilizokuwa zikingojewa Jumapili.

Nyumba yake ilikuwa kwenye barabara ya vumbi isiyo mbali na daraja la mto Lukuga. Mume wake alikuwa amekufa zamani kwa ugonjwa, watoto wake walikuwa wameolewa Moba na Lubumbashi, naye aliishi peke yake na pasi yake, na watu wa mtaa walimheshimu kwa sababu hajawahi kuunguza nguo ya mtu.

Wanaume watatu waliingia kupitia mwanya wa uzio wa matete. Hawakukimbia. Wa mbele alikuwa na panga, amelishika chini kando ya paja kama mtu anayetoka shambani.

"Jambo, mama."

"Jambo, baba. Karibuni," alisema Mama Mado, akidhani wamefuata nguo.

"Lete simu na franga."

Aliwapa simu. Pesa hazikuwepo, maana wateja wake wengi hulipa mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa bado haujaisha. Aliwaambia hivyo. Hawakumwamini. Mmoja aliingia ndani, akatoka mikono mitupu, akalibeba furushi la kanzu. Mama Mado akaita jirani yake kwa sauti kubwa: "Papa Gérard! Papa Gérard, nakufa!" Kando zote za barabara ilisikika milango ikifungwa, mmoja baada ya mwingine. Hakuwalaumu. Kwenye barabara ile kila mtu alikuwa ameshafunga mlango namna hiyo, naye pia.

Yule wa mbele, kwa sababu ya kelele, akanyanyua panga.

Hapo ndipo mkono wa tatu ulipotoka. Ulitoka chini ya bega la kulia, upande wa mgongo, ukapasua blauzi kwenye mshono, ukapita juu ya meza ya pasi na kumkamata mwanamume yule kwenye kifundo cha mkono kabla panga halijashuka. Ulikuwa mkono wa kawaida wa mwanamke wa umri wake, mweupe kidogo kuliko ile miwili mingine, maana ulikuwa haujaona jua. Panga lilianguka juu ya mchanga. Wale wenzake wawili walitazama, wakatazamana, kisha wakaondoka na simu na kanzu za kwaya.

Mama Mado aliisimamisha pasi wima ili shati la Papa Anatole lisiungue. Kisha akafumba macho akasema, "Mungu wangu, aksanti. Aksanti sana."

"Amina," alisema mwizi. Alikuwa amelelewa kanisani, na neno lilimtoka kwa mazoea.

"Niachilie, mama," aliongeza baadaye kidogo.

"Si mimi ninayekushika," alijibu Mama Mado, na ilikuwa kweli. Alijaribu kuvifungua vidole vya ule mkono kwa mikono yake miwili ya zamani. Havikufunguka. Vilikuwa vimetulia tu, havibani kupita kiasi wala havilegei.

Papa Gérard alifungua mlango wake, akaja na simu yake, akamsalimia Mama Mado, akamtazama mwizi, akautazama mkono, akapiga polisi. Alizungumza kwa muda, akiitikia tu.

"Wanasema watakuja," aliwaambia.

"Lini?"

"Asubuhi. Pikipiki yao haina esansi, mafuta yamekwisha."

Basi wakangoja. Mama Mado alisonga bukari ya unga wa muhogo, akapasha sombe, kisamvu kilichobaki mchana, na kwa kuwa hawezi kula mbele ya mtu asiyekula, alimpa mwizi sahani yake. Alimwuliza jina. Aliitwa Ulrich.

"Ulrich wa nani?"

"Wa Papa Kalala, yule alikuwa anatumika kwa treni."

Mama Mado alimkumbuka Papa Kalala, mtu mpole aliyevaa kofia ya kazi hata Jumapili. Kwenye mtaa watu walizoea kusema kwamba wezi wote hutoka Katanika, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita. Huyu alikuwa amezaliwa karibu na stesheni, hatua chache kutoka mahali alipobatizwa Mama Mado mwenyewe.

Asubuhi Papa Anatole alifika kwa miguu, viatu vyake vikiwa na tope la njia nzima. Alikuwa mtu mnene, mwenye pumzi fupi na macho ya kuchoka. Aliketi, akanywa maji, ndipo akauliza.

"Mama Mado, huu mukono ni wako?"

"Ni wangu, Papa. Ulikuja jana."

"Muzuri." Alilitazama panga, akalifunga ndani ya gazeti. "Sasa nisikilize. Sheria inakuruhusu kujilinda. Muntu akikunyanyulia mupanga, unamuzuia, na hakuna atakayekuuliza neno. Lakini mupanga ukisha kuanguka, kujilinda kumekwisha. Kuanzia pale muntu ni wa Leta." Leta ndilo jina ambalo watu wa huko huiita serikali. "Raia hana ruhusa ya kushika muntu na kumuweka kwake."

"Basi Leta imuchukue."

Papa Anatole alijifuta jasho. "Kasho yetu ya kufungia wezi iliingia maji tangu ziwa lipande. Kuna kambale mule ndani. Wale wafungwa nilikuwa nao, niliwaambia warudi kwao kwanza."

"Na kwa parke, kwa mwendesha mashitaka?"

"Hakimu wa parke amekwenda Lubumbashi kwa misheni ya kazi. Mpaka arudi, hakuna muntu wa kutia sahihi." Hakuwa mtu wa uongo, na jambo hilo lilimtesa katika kazi yake. "Mimi nakuambia kweli, mama. Polisi wangu ni wachache kuliko barabara zenyewe. Shida ikiwa huku, sisi tuko kule. Tukisikia, tunakuja kisha. Njo kazi yetu, kuja kisha."

Alijaribu kumvuta Ulrich mara moja, kwa heshima, ili aweze kusema kwamba alijaribu. Mkono haukuachilia. Mama Mado alimpa shati lake lililopigwa pasi na kumshukuru kwa kuja kwa miguu kutoka mbali vile, na alimshukuru kwa kweli, si kwa mzaha. Papa Anatole aliinamisha kichwa. Hakuzoea kushukuriwa.

Hivyo ndivyo Ulrich alivyobaki. Mkono ulikuwa na akili yake. Mama Mado alipolala ndani na Ulrich jikoni nje, ulirefuka ukapita chini ya mlango. Ulrich alipokwenda chooni, ulirefuka mpaka pale na kungoja. Wakati wa kazi ulifupika kiasi cha kumweka karibu na jiko la makaa, na kwa kuwa alikuwa pale hana shughuli, alianza kupepea makaa kwa mkono wake uliokuwa huru. Alipepea vizuri. Pasi haikupoa tena katikati ya suruali.

Jumapili walikwenda misa pamoja. Kwaya iliimba bila kanzu. Ulipofika wakati wa shukrani, Mama Mado alisimama na kutoa shukrani zake kama wengine: kwa uhai, kwa mkono, kwa Papa Gérard aliyepiga simu, kwa Papa Anatole aliyetembea. Padri alisema jina la Bwana lihimidiwe. Baada ya misa wanawake walipanga foleni kumpongeza, na kwa kuwa kiganja cha mkono mpya kilikuwa na kazi, walikishika kiwiko. Mshonaji wa sokoni alimpima upya, akamshonea blauzi ya kitenge yenye mikono mitatu. Alimwuliza tu kama ule wa tatu autilie kifungo.

Watu walileta vitu. Mmoja alileta mikebuka mikavu, samaki wa ziwani, mwingine chupa ya mawese, mwingine gunia la makaa. Tangu siku ile hakuna mwizi aliyekanyaga barabara yao. Papa Gérard alianza kuacha baiskeli yake nje, akaamka na kuikuta, na kila asubuhi aliingia kumwambia Mama Mado kwamba ameikuta. "Tumelala, mama," alisema. "Tumelala kama watoto." Mama Mado alifurahi kusikia hivyo. Yeye mwenyewe, siku za mwanzo, hakulala. Aliogopa. Kuna mambo ambayo mkono unaweza kuyashika, lakini woga aliubeba mwenyewe.

Siku moja, akiwa anakunja mashuka, alimwuliza Ulrich jambo alilokuwa nalo moyoni.

"Ungenikata?"

Ulrich aliendelea kupepea. "Sijui, mama."

"Sema kweli."

"Njo kweli iyo. Mukono ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Mukono ukisha kunyanyuka, haukuulize tena." Alisema kwamba zamani alibeba mizigo bandarini. Maji yalipopanda, magati yakafunikwa, maboti yakapungua, na rafiki mmoja akamwambia kuna kazi nyingine. Hakusema hivyo kama mtu anayejitetea. Alisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita. Mama Mado hakumhurumia siku ile. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo alimwonyesha kwa kumwambia apepee polepole, majivu yanaruka kwenye mashuka ya watu. Lakini chakula alimpa kama kawaida.

Kisha, upande wa pili wa daraja, wezi waliingia kwa mtu aliyekuwa akiuza kadi za simu. Walimkata kichwani. Majirani walipiga polisi, polisi wakafika asubuhi, na mtu yule akafia hospitalini kabla ya saa sita.

Mchana uleule watu walitoka. Walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, wengine wamebeba mipira mikuukuu ya magari, mmoja akiwa na kidumu cha esansi. Walitafuta mwizi. Mwizi pekee aliyejulikana alipo alikuwa Ulrich.

Aliyetangulia mbele alikuwa Mama Chancelle. Mama Chancelle alikaa mwisho wa barabara ileile. Wakati wa mvua zilizopita, wezi waliingia kwake na kumuua mume wake, Papa Urbain, aliyekuwa mvuvi. Tangu hapo alikuwa amekonda, na aliongea kwa sauti ya chini hata akinunua chumvi. Siku ile pia sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama Mado, hatuna neno na wewe. Tupatie uyu muntu."

"Siwezi, Mama Chancelle. Mukono haumuachilie."

"Basi simama kando. Tunajua mukono wako unarefuka."

Siku ile mkono haukurefuka. Ulifupika. Ulimvuta Ulrich mpaka akasimama nyuma kabisa ya mgongo wa Mama Mado, kifua chake kimegusana na bega lake, kiasi kwamba aliyetaka kumpiga mmoja ilibidi awapige wawili. Mama Mado alisikia moyo wa mwizi ukigonga mgongoni kwake. Yeye mwenyewe aliishika meza ya pasi kwa mikono yake miwili ya zamani.

"Mume wangu alilala pale kwa mulango mpaka jua likawa kali," alisema Mama Chancelle. "Nilipiga simu. Niliita. Hakuna aliyetoka, hata wewe. Leta ikakuja asubuhi, ikaandika, ikaenda. Leta haikumulinda Urbain. Leo Leta ni sisi."

Watu waliitikia. Mpira mmoja ulitupwa chini ukaviringika mpaka kwenye beseni.

"Ni kweli sikutoka," alisema Mama Mado. "Nilifunga mulango. Lakini tazama mikono yake, Chancelle. Hana mupanga. Siku alikuwa nao nilijilinda, na namushukuru Mungu mpaka leo. Sasa wenye kunyanyua mikono ni ninyi, na mimi niko katikati. Nijilinde namna gani? Huu wa tatu hautoshi, nipate mukono wa ine?"

Kijana mwenye kidumu alianza kufungua kifuniko, na harufu ya esansi ikasambaa kwenye nguo zilizokuwa safi.

"Unataka afe," Mama Mado alisema tena, "ao unataka kujua?"

Mama Chancelle alisimama akimtazama. Kisha akazunguka meza, akamwendea Ulrich kwa upande, mpaka akamwona uso.

"Ulikuwa kwangu?"

Ulrich angeweza kusema hapana. Mama Mado alisikia ule moyo mgongoni kwake ukisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Nilikuwa inje," alisema. "Kwa uzio. Nilishika mufuko. Sikuingia."

"Nani aliingia?"

Alitaja majina mawili. Aliyataja polepole, na mahali wanapokaa, na yupi alishika nini. Mama Chancelle alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi juu ya kibao cha Mama Mado, akashika kichwa.

"Mukimuchoma," aliwaambia watu bila kuwatazama, "nani atasema tena majina iyo mbele ya hakimu wa tribinali? Mutasema ninyi?"

Walibaki pale kwa muda, kama watu walioitwa kwenye karamu wakakuta haipo. Mmoja aliondoka, wengine wakafuata. Mwenye mpira uliokuwa karibu na beseni alirudi kuuchukua, kwa sababu ulikuwa bado unafaa. Papa Gérard, ambaye muda wote alikuwa amesimama kwenye mlango wake, mguu mmoja ndani na mmoja nje, alikuja kumletea Mama Chancelle maji.

Papa Anatole alifika wakati vumbi limeshatulia, amejishika mbavu kwa kukimbia.

"Kumekwisha?"

"Kumekwisha, Papa."

"Aksanti," alisema Papa Anatole, akaketi chini na kuvua kofia. Alikaa vile mpaka pumzi yake iliporudi.

Hakimu wa parke aliporudi kutoka Lubumbashi, walikwenda kwake kwa miguu: Mama Mado, Ulrich, Mama Chancelle na Papa Gérard, huku Papa Anatole akiwa mbele na panga la Ulrich ndani ya gazeti. Njia ya kando ya ziwa ilikuwa imeliwa na maji, kwa hiyo walizunguka juu, nyuma ya nyumba zilizobaki paa tu. Hakimu alikuwa mwanamume kijana kutoka Kinshasa, mwenye Kiswahili cha kukwamakwama. Aliwapa viti. Alimsikiliza Mama Chancelle bila kumkatiza, na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumsikiliza hivyo. Ulrich alirudia majina yote mawili. Hakimu alitia sahihi, akainua uso na kusema, "Kuanzia sasa, Leta njo inajibu juu ya muntu uyu."

Vidole vya mkono wa tatu vikafunguka, kimoja kimoja. Kwenye kifundo cha Ulrich palibaki alama kama ya saa iliyovaliwa muda mrefu. Hakukimbia. Alijikuna pale, akasema, "Mama, aksanti."

Mama Mado naye alimshukuru kwa kupepea makaa. Njiani kurudi mkono ulijikunja mgongoni kwake na kulala, naye alitembea polepole asiuamshe. Mama Chancelle alimshika mkono mmoja kati ya ile mingine, wakaenda hivyo mpaka nyumbani. Jioni ile Mama Mado aliona kwamba woga umemtoka. Alimshukuru Mungu kwa hilo pia, akalala mpaka asubuhi.

Mvua zilianza. Kwenye gereza alikopelekwa Ulrich chakula kiliisha, na wale wasiokuwa na ndugu wa kuwaletea sahani waliambiwa watoke, wakatafute, kisha warudi. Wengine walirudi. Ulrich alionekana bandarini akibeba magunia ya unga. Alipokutana na Mama Mado alimsalimia kwanza, kwa mikono miwili, na yeye akaitikia. Kati ya wale wawili aliowataja, mmoja alikuwa ameshavuka ziwa kwenda Kigoma kabla ya karatasi ya kumkamata kutoka. Wa pili alikamatwa, akahojiwa, akaachiliwa. Papa Anatole alikuja mwenyewe kumwambia Mama Chancelle. Hakuficha kitu. Alisema wakubwa walipiga simu, na yeye ni mtu wa kupigiwa simu. Mama Chancelle alimshukuru kwa kuja kusema, kwa kuwa angeweza kunyamaza.

Mkono wa tatu wa Mama Chancelle ulitoka sokoni, asubuhi, mbele ya meza ya nyanya. Yule aliyeachiliwa alikuwa upande wa pili wa meza akichagua nyanya zake, akazigeuza moja moja, akamsalimia muuzaji, akalipa. Mkono ulitoka pale chini ya bega, ukatazamana naye. Lakini hakuwa na panga, wala hakunyanyua kitu. Alibeba nyanya zake akaenda. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukachukua kikapu cha Mama Chancelle na kumbebea mpaka nyumbani.

Baada ya hapo ilitoka mingi. Ilitoka kwa muuza ndagaa, kwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa mke wa Papa Gérard, na mwishowe kwa Papa Gérard mwenyewe, ambaye alifurahi kupita wote. Mshonaji wa sokoni aliajiri msaidizi. Usiku watu walilala milango ikiwa imerudishwa tu. Wezi walihamia mitaa mingine, ambako mikono ilikuwa bado haijatoka, na kule watu waliendelea kupiga simu.

Siku moja Papa Anatole alikuja na tangazo kutoka kwa wakubwa. Wanawake walikusanyika kwenye baraza ya Mama Mado kumsikiliza.

"Inasema mikono inaruhusiwa," alisoma.

"Aksanti kwa Leta!" waliitikia.

"Inasema pia," aliendelea, akakohoa, "isitumiwe kabla ya polisi kufika."

Kisha Mama Chancelle, ambaye hakuna aliyemsikia akicheka tangu mvua za mwaka uliopita, alicheka. Wote wakacheka, na Papa Anatole akacheka nao mpaka akatoa kitambaa. Walimpa sahani ya bukari na mikebuka, na alipomaliza walimfungia nyingine apelekee polisi wake, kwa kuwa mshahara ulikuwa umechelewa.

Kiangazi kilipofika, Mama Mado aliitwa kwenye nyumba ya uzazi. Mkunga wa pale aliitwa Mama Princesse, mwanamke mkavu, mwenye haraka. Alimwongoza mpaka kwenye kitanda cha dirishani, alipolala msichana aitwaye Ketsia, aliyejifungua alfajiri mtoto wake wa kwanza. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye uzito mzuri, mwenye nywele nyingi, na mikono mitatu.

"Hajui kumufunga," alisema Mama Princesse. "Nikasema nikuite wewe. Wewe una mazoea."

Mama Mado alinawa, akamlaza mtoto juu ya kitenge, akamwonyesha Ketsia jinsi ya kuanza na mkono wa tatu, kuukunja kwanza nyuma ya bega ili usibanwe, ndipo ile miwili ifuate. Mkono ulikuwa mdogo kama kijiko, na ulikuwa na rangi ileile ya mikono mingine. Haukuwa umechelewa. Ulikuja na mtoto.

"Mama," aliuliza Ketsia, "ni vizuri ao ni vibaya?"

"Ni vizuri," alisema Mama Mado. "Mimi wangu uliniponyesha. Namushukuru Mungu kila siku ya Mungu."

"Siku izi wanazaliwa hivi wengi," alisema Mama Princesse, akikung'uta shuka la kitanda cha jirani. "Watoto wanajua kule wanakuja."

"Wote?" aliuliza Ketsia.

"Wa huku kwetu. Kule kilimani, kwa wakubwa wenye walinzi kwa mulango, bado wanazaliwa na miwili."

Mama Mado alimaliza kumfunga mtoto, akamnyanyua, akamwombea kimya kimya. Alishukuru kwa afya yake, kwa mama yake, kwa pumzi, kwa ule mkono mdogo. Alipofika hapo alisita, kwa kuwa kulikuwa na neno lingine alilotaka kumwambia Mungu, juu ya mtoto anayekuja duniani akiwa amejiandaa hivyo, lakini halikuwa neno la shukrani, na mtoto alikuwa ameanza kulia maziwa. Akampa mama yake.

"Na wale wa kilimani," alisema, akijifunga vizuri kitenge chake, "Mungu awalinde wale pia."

Alisema kwa moyo wake wote. Kisha akaenda kumshika mkono mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye uchungu wake ulikuwa umeanza.